Kahawa ya kupaka: ipi faida, ipi hatari?

Kwa miaka mingi watu wa Pwani wamejua kazi moja ya kahawa, nayo ni kunywewa. Muuzaji hupita jioni na dele lake, makaa yakiwaka chini, akigonganisha vikombe, na walio barazani wakamwita. Siku hizi kahawa imepata kazi ya pili. Likoni, Kisauni na hapa Changamwe, kina dada na hata vijana wa kiume wanaisugua usoni, wanaichemsha na mafuta ya nazi na kuipaka kichwani. Wengine wanaifunga katika kitambaa na kuiweka juu ya macho yaliyovimba.

Pengine wewe msomaji ni mmoja wao, au binti yako ndiye anayemaliza kahawa jikoni bila wewe kujua inakokwenda. Sina nia ya kukucheka. Vipodozi vya dukani ni ghali, na kujitengenezea urembo nyumbani si jambo geni kwetu. Bibi zetu walisaga liwa juu ya jiwe, na bwana harusi hakuletewa mwari kabla hajasuguliwa singo. Lakini kila kinachopakwa mwilini kinafaa kuulizwa maswali mawili: kinafanya kazi gani, na kinaweza kudhuru vipi? Leo tuiulize kahawa.

KAFEINI NI KITU GANI?

Kinachosifiwa ndani ya kahawa ni kemikali iitwayo kafeini. Iligunduliwa mwaka wa 1819 na mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alipoitenga kutoka kwenye buni. Imo pia katika majani ya chai na katika baadhi ya soda. Buni aina ya arabika, ambayo ndiyo inayolimwa zaidi Kenya, ina takriban gramu moja na ushei ya kafeini katika kila gramu 100. Aina ya robusta, inayolimwa kwa wingi Uganda, ina karibu mara mbili ya hiyo.

Unapokunywa kahawa, kafeini huamsha ubongo na kuondoa usingizi. Ikipakwa kwenye ngozi hufanya mambo mengine. Hupenya ngozi kwa urahisi kiasi, hasa kupitia vinyweleo, na inaweza kubana mishipa midogo ya damu kwa muda. Ndiyo sababu viwanda vya vipodozi huitia katika krimu za macho na shampuu.

Kuna jambo moja ambalo wanaojitengenezea nyumbani hawaambiwi. Kafeini huyeyuka vizuri katika maji ya moto, lakini katika mafuta huyeyuka kidogo sana. Kwa hiyo ukiloweka kahawa katika mafuta ya nazi wiki nzima, utapata mafuta yenye rangi na harufu nzuri ya kahawa, lakini kafeini yenyewe itabaki zaidi katika mashapo unayoyatupa. Mafuta hayo yatalainisha nywele, na sifa hiyo ni ya nazi.

NYWELE: AHADI NA UKWELI

Habari kwamba kahawa huotesha nywele haikuzuka hewani. Mwaka wa 2007 watafiti wa Jena, Ujerumani, walichukua mashina ya nywele kutoka vichwa vya wanaume 14 wenye upara na kuyatunza katika vyombo vya maabara. Homoni ya testosteroni ilizuia nywele hizo kukua, na walipotia kafeini kidogo, kizuizi hicho kilipungua. Ni jambo la kutia moyo, ila kumbuka kwamba nywele hizo zilikuwa ndani ya chombo.

Mwaka wa 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa India kwa wanaume 210. Baadhi walipaka maji yenye kafeini asilimia 0.2 na wengine wakapaka minoksidili, dawa ya upara inayojulikana na madaktari, kwa muda wa miezi sita. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Hata hivyo hapakuwa na kundi la tatu la watu wasiopewa dawa yoyote, la kulinganisha nalo. Mwaka wa 2018 mamlaka inayosimamia matangazo ya biashara Uingereza iliamua kwamba shampuu ya kafeini iitwayo Alpecin isitangazwe kuwa inasaidia kupunguza kupotea kwa nywele, kwa sababu ushahidi uliotolewa haukutosha.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Kikombe kikubwa cha kahawa, yaani mililita 200, huwa na kafeini ya takriban miligramu 100. Hiyo ni asilimia 0.05. Dawa iliyotumika India ilikuwa na nguvu mara nne ya hapo, ikatengenezwa ili ikae kichwani, na ikapakwa kila siku kwa nusu mwaka. Wewe unayejimwagia kahawa Jumamosi na kuisuuza baada ya dakika kumi usitarajie matokeo kama hayo. Kahawa itazipa nywele mng'ao na rangi kidogo, na itachafua foronya ya mto wako.

Jambo lililo zito zaidi ni kwamba nywele hupotea kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazihusiani na kahawa. Kina mama wengi wanaonijia zahanatini wamepoteza nywele za mbele, kwenye paji la uso na juu ya masikio. Sababu ni misuko ya kubana na nywele za bandia nzito, zinazovuta shina mwezi baada ya mwezi. Ukiilegeza misuko mapema, nywele hurudi. Ukichelewa, shina hufa na kuacha kovu, na hapo hakuna kahawa wala dawa ya kupaka itakayolifufua.

Wengine hupoteza nywele miezi michache baada ya kujifungua au baada ya homa kali, na hizo aghalabu hurudi zenyewe. Kuna upungufu wa damu, kuna ugonjwa wa tezi ya shingo, na kuna dawa za kulainisha nywele zinazounguza kichwa. Kwa watoto kuna mashilingi ya kichwani, ambayo ni ugonjwa wa kuvu unaohitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mama anayempaka mtoto mafuta ya kahawa juu ya mashilingi anaupa ugonjwa nafasi ya kuenea kwa ndugu zake wote wanaotumia kitana kimoja.

Mwenye mba naye awe mwangalifu. Kuvu linalohusika na mba hustawi palipo na mafuta. Ukilala na kichwa kilicholowa mafuta ya nazi na kahawa, usishangae mba ukiongezeka.

USO SI SAKAFU

Kahawa iliyosagwa ina chembe ngumu zenye kona. Mgongoni na kwenye visigino chembe hizo huondoa taka na ngozi iliyokufa, na mtu hutoka bafuni akihisi laini. Usoni hali ni tofauti. Ngozi ya uso ni nyembamba, na ukiisugua kwa nguvu unaichubua kwa mikwaruzo midogo usiyoiona.

Ngozi nyeusi ina tabia yake: kila inapojeruhiwa, hata kidogo, huacha alama nyeusi inayochukua miezi kufifia. Msichana mwenye chunusi akizisugua kwa kahawa kila siku anapasua vipele, anaeneza usaha na anazidisha yale madoa aliyotaka kuyaondoa. Kisha huona madoa yameongezeka na kusugua zaidi.

Tahadhari pia na vitu vinavyochanganywa humo. Kahawa iliyobaki ndani ya dele mara nyingi ina tangawizi, na tangawizi huwasha ngozi na macho. Kahawa za pakiti zilizochanganywa tayari zina sukari na maziwa ya unga. Hatari zaidi ni ndimu. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi, kisha ukatoka juani, yanaweza kusababisha malengelenge na madoa meusi kama ya mtu aliyeungua. Na jua la Mombasa halihitaji kuelezwa kwa mtu anayelingoja feri Likoni saa saba mchana.

Wapo wanaotia kahawa katika hina ili rangi ikolee. Hina halisi na kahawa havina neno kwa watu wengi. Ila usiongeze ule unga mweusi wa kupaka nywele ili kupata piko ya haraka. Una kemikali ambayo huwapa baadhi ya watu mzio mkali, ngozi ikavimba na kutoka malengelenge, na mtu aliyepata mzio huo mara moja huenda asiweze tena kutumia rangi ya nywele maisha yake yote.

MACHO YANAYOVIMBA ASUBUHI

Hapa naomba usome polepole. Matumizi yanayosifiwa sana ya kahawa ni kuondoa uvimbe chini ya macho. Uchunguzi mmoja mdogo uliofanywa Thailand kwa watu 34 ulijaribu jeli yenye kafeini na kuilinganisha na jeli isiyokuwa nayo. Ni wachache tu walioonekana kufaidika na kafeini yenyewe. Kilichosaidia wengi ni ubaridi wa jeli. Kwa maneno mengine, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kingefanya karibu kazi ile ile.

Lakini kwa nini macho yamevimba? Kama ulikesha matangani au kazini, usingizi ndio dawa. Kama unapiga chafya na kujikuna macho, huenda ni mzio. Kama wazazi wako wana mifuko chini ya macho, ni urithi. Hayo hayatishi.

Kinachotutisha madaktari ni uvimbe unaorudi kila asubuhi, unaoshuka miguuni jioni, huku mkojo ukiwa na povu jingi au umepungua. Hizo ni dalili za ugonjwa wa figo. Mtu anayezifunika kwa kahawa kwa miezi mitatu anapoteza wakati ambao tungeweza kuziokoa figo zake. Kipimo cha kwanza ni rahisi: mkojo katika chupa na kipande cha karatasi ya kupimia. Hufanywa hata katika vituo vidogo vya afya, na vile vile katika hospitali za Port Reitz na Likoni. Mtoto aliyevimba macho naye apelekwe bila kungoja.

Figo na vipodozi vina uhusiano wa zamani nchini mwetu. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la matibabu la Uingereza uchunguzi wa Wakenya wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilikuwa imepenya ngozi, ikaingia katika damu na kufika kwenye figo. Baadhi yao walipona walipoacha krimu hizo. Kwa hiyo mtu anaweza kujipaka ili apendeze, akavimba macho kwa sababu ya alichojipaka, kisha akatafuta kitu kingine cha kupaka juu ya uvimbe huo.

MIKEBE ISIYO NA JINA

Nakumbusha habari hiyo kwa sababu ya mikebe inayouzwa mkononi, yenye maneno "krimu ya kahawa" au "sabuni ya kahawa", bila jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Muuzaji hukuhakikishia kwamba ni ya asili tupu, na baada ya siku saba utang'aa.

Jiulize: kahawa gani inayong'arisha ngozi kwa siku saba? Hakuna. Kafeini haipunguzi weusi wa ngozi kwa kasi hiyo. Krimu ikikubadilisha rangi upesi, shuku kwamba ndani yake mna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Ni mkorogo ule ule, umetiwa harufu ya kahawa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka wa 1998 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku orodha ndefu ya vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Hata hivyo bidhaa za namna hiyo zimeendelea kuingia kwa njia za magendo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ikajaa chunusi na michirizi, na vidonda vikachelewa kupona. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka inaweza kuacha madoa ya buluu na nyeusi yasiyoondoka. Soma karatasi ya mkebe. Ukiona maneno kama "hydroquinone", "mercury", "mercuric" au "calomel", weka chini. Usipoona maneno yoyote, pia weka chini.

Na kama umekuwa ukitumia krimu ya aina hiyo kwa muda mrefu, usiiache kwa siku moja bila ushauri. Ngozi iliyozoea steroidi huwaka na kuwasha sana inaponyimwa ghafla. Nenda na mkebe wako kwa daktari, akuonyeshe namna ya kuiacha. Hatakugombeza.

UNGA MWEUPE

Wapo pia wanaoona kahawa haina nguvu ya kutosha, wakatafuta kafeini tupu ya unga kwa njia ya mtandao ili waitie katika mafuta na shampuu. Huo si mchezo. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina kafeini sawa na takriban vikombe 28 vya kahawa. Mwaka wa 2014 kijana mmoja wa Ohio, Marekani, alifariki baada ya kuutumia, na mwaka wa 2018 serikali ya nchi hiyo ilichukua hatua ya kuzuia wananchi kuuziwa kwa wingi.

Hata wasomi hukosea. Mwaka wa 2015 katika Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, wanafunzi wawili waliojitolea kwa jaribio walipaswa kunywa gramu 0.3 za kafeini kila mmoja. Nukta ya desimali ilikosewa, wakapewa gramu 30. Waliokolewa kwa mashine ya kusafisha damu, na chuo kikatozwa faini ya pauni 400,000. Ikiwa maabara ya chuo kikuu ilikosea, je, wewe unayepima kwa kijiko jikoni? Unga huo unafanana na sukari laini na maziwa ya unga. Nyumba yenye watoto isiuweke kabisa.

UKITAKA KUTUMIA, FANYA HIVI

Sikukatazi kahawa yako. Ukifuata masharti haya, watu wengi hawatapata madhara:

1. Jaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko kwa siku mbili. Ukiwashwa au ukitoka vipele, acha.

2. Tumia kahawa tupu iliyosagwa laini, isiyo na tangawizi, sukari wala ndimu. Changanya na mafuta kidogo ya nazi.

3. Sugua mwili, usisugue uso. Mara moja kwa wiki yatosha, kwa mkono mwepesi. Usisugue penye jeraha, chunusi, ukurutu au mahali uliponyoa siku hiyo.

4. Kwa nywele, chemsha kahawa, ichuje kwa kitambaa safi, iache ipoe kabisa, kisha jisuuze nayo baada ya kuosha kichwa. Tumia maji yaliyochemshwa. Wengi wetu huku bara tunategemea visima na mikokoteni ya maji, na si kila mtungi ni safi.

5. Usiweke akiba. Kahawa yenye maji haina dawa ya kuzuia kuoza, na kwa joto na unyevu wa hapa kwetu bakteria na kuvu huota kabla hujaona dalili. Tengeneza ya siku hiyo na imwage inayobaki.

6. Usitie ndani ya jicho. Chembe ikiingia, osha kwa maji safi mengi wala usisugue, maana chembe hizo hukwaruza kioo cha jicho. Maumivu yakizidi, nenda hospitali.

7. Osha sakafu ya bafu kwa sabuni ukimaliza. Mafuta juu ya saruji yamewaangusha wazee wengi. Mashapo yatupe jaani, yasizibe bomba.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

Je, mja mzito anaweza kutumia? Kafeini inayoingia mwilini kwa kujisugua dakika chache ni ndogo. Angalia zaidi anachokunywa: wataalamu wengi humshauri asizidishe miligramu 200 kwa siku, yaani kama vikombe viwili vya kahawa ya kawaida, akihesabu pia chai na soda.

Je, mtoto mchanga apakwe? Hapana. Mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa muda wa takriban saa tano, lakini wa mtoto aliyezaliwa karibuni huchukua siku kadhaa. Ni kweli hospitalini watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupewa kafeini ili wasisahau kupumua, lakini hupimiwa na kuangaliwa usiku na mchana. Hilo si jambo la nyumbani.

Je, kahawa huondoa michirizi na minofu yenye vishimo mapajani? Kafeini inaweza kuifanya ngozi ionekane imekaza kwa saa chache. Baadaye hurudi ilivyokuwa.

Je, inazuia jua? Usiitegemee. Mwavuli, kanga, kofia na kukaa kivulini ndivyo vinavyosaidia.

WAKATI WA KUMUONA DAKTARI

Acha kila unachopaka na uende kituo cha afya kilicho karibu nawe ukiona mojawapo ya haya: nywele zinazotoka kwa mabaka ya duara, au kichwa chenye usaha na maumivu, madoa yanayoenea licha ya kuacha vipodozi, macho au miguu inayovimba mara kwa mara, au uso uliovimba ghafla pamoja na shida ya kupumua, ambayo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Nenda na mkebe, chupa au pakiti ya ulichotumia, hata kama ni chakavu. Mara nyingi jibu tunalolitafuta huwa limeandikwa hapo, au linajulikana kwa kuwa halikuandikwa.